Fero yenye kukumbuka umbo lake: ni dawa ya madaraja ya betoni, lakini si ya kila ugonjwa

Usiku wa tarehe 11 mwezi wa tisa 2024, mbele kidogo ya saa tisa, kipande cha karibu mita 100 cha daraja ya Carola mjini Dresden, Ujerumani, kilivunjika na kuanguka ndani ya mto Elbe. Tramu ya mwisho ilikuwa imepita pale dakika chache tu. Hakuna aliyekufa wala kuumia, na ile ilikuwa bahati ya saa, maana mchana kipande kilekile kilikuwa kinapitwa na watu wa miguu, wa baiskeli, na tramu zenye kujaa. Daraja hiyo haikuwa ya miti, wala haikujengwa haraka haraka na watu wasiojua kazi. Ilikuwa ya betoni, ilimalizika mwaka 1971, katika nchi yenye mainjenieri, pesa na vyombo vya kupimia. Tena kipande kilichoanguka kilikuwa kwenye foleni ya kurekebishwa mwaka 2025.

Miaka sita mbele ya hapo, tarehe 14 mwezi wa nane 2018, daraja ya Morandi mjini Genova, Italia, iliporomoka mchana na mvua. Ilikuwa imefunguliwa mwaka 1967. Watu 43 walikufa.

Tangu misiba hiyo, watu wa Ulaya wanajiuliza swali lenye si geni kwetu: daraja imezeeka, makamio yanazidi kuwa mazito, sasa tufanye nini? Kubomoa yote na kujenga upya, hakuna serikali yenye pesa hizo, hata zile za matajiri. Njo maana macho yanaenda kwenye kazi ya kutia nguvu madaraja yenye kusimama bado. Kati ya njia zinazozungumziwa sana kuna fero yenye kukumbuka umbo lake, ambayo imefanyiwa kazi kwa miaka mingi kule Uswisi, kwenye taasisi ya utafiti ya serikali inayoitwa Empa, huko Dübendorf karibu na Zürich.

Mtu wa Bukavu, Bunia ao Kalemie akisikia habari hiyo atauliza mara moja: kama dawa iko, kwa nini haifiki huku? Ni swali la haki. Lakini jibu lake linapita kwanza kwenye ugonjwa wenyewe, kwa sababu si kila daraja yenye kuanguka imekufa kwa ugonjwa uleule.

Boriti inapinda, chini inafunguka

Tuanze na boriti, ile mafundi wa shantie wanaita putre. Kamio ikifika katikati ya daraja, boriti inapinda kidogo kuelekea chini. Mtu hawezi kuona kwa macho, lakini inapinda. Upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa. Betoni ni jabali kwa kubanwa, lakini kwa kuvutwa ni dhaifu: inaweza kuvumilia kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu yake. Kwa hiyo mafundi wanalaza mafero upande wa chini, ili yabebe ule mvuto betoni isiouweza.

Nyufa ndogo, kwa hiyo, si ajabu. Boriti ya betoni ya kawaida inafanya kazi na nyufa zake. Sheria za ujenzi za Ulaya zinakubali upana wa karibu milimita 0,3, sawa na unene wa nywele tatu ao nne. Shida inaanza pale ufa unapopanuka. Maji yanaingia, fero inashika kutu, na kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko fero yenyewe. Inasukuma betoni kutoka ndani mpaka inabanduka. Kila mtu ameshaona jambo hilo chini ya balkoni ya nyumba ya zamani: betoni imedondoka, fero nyekundu inachungulia.

Mfaransa Eugène Freyssinet alipata wazo lingine na kuliandikisha mwaka 1928: tusingoje mzigo uje kuvuta betoni, tuibane mbele ya wakati. Wenye kubeba mizigo kwa baiskeli ao kwa chukudu wanaijua siri hiyo bila kusoma. Wanachukua kamba iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu, wanaivuta kwa nguvu, wanaizungusha kwenye magunia, wanafunga. Ile kamba inaendelea kubana hata baada ya mwenyewe kuondoa mikono. Ukifunga mzigo uleule kwa kamba ya katani bila kuivuta, haifanyi kazi yoyote mpaka gunia lianze kuteleza. Inaamka kwa kuchelewa.

Tofauti ya kamba hizo mbili njo kiini cha habari hii yote. Daraja ya zamani ikionekana kuwa na nguvu kidogo, desturi ni kuibandikia bamba la chuma ao la kaboni upande wa chini, ao kuiongezea mafero na betoni mpya. Ni kazi nzuri, lakini ni kamba isiyovutwa. Uzito wa daraja yenyewe, ambao mara nyingi ni mkubwa kuliko wa magari, unaendelea kubebwa na mafero ya zamani peke yake. Lile bamba jipya linaanza kusaidia pale tu kamio inayofuata inapopanda. Nyufa zilizokuwepo zinabaki wazi.

Kuweka kamba iliyovutwa kwenye daraja ya zamani inawezekana, ila ni kazi nzito. Inataka jeki za majimaji, vichwa vikubwa vya kushikilia waya mwishoni, mabomba ya kupitishia waya, na nafasi ya watu kufanya kazi. Chini ya daraja yenye mto unaopita mita mbili tu chini ya boriti, nafasi hiyo utaipata wapi?

Namna fero inavyokumbuka

Hapa njo fero ya Uswisi inaingia. Si uchawi, ingawa jina lake linaweza kudanganya. Metali zenye kukumbuka umbo zinajulikana tangu zamani kidogo. Ile ya kwanza kupata sifa ni mchanganyiko wa nikeli na titani, uliogunduliwa kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani karibu na mwaka 1960. Leo unatumika kwenye waya za kunyoosha meno na kwenye mirija ya kufungulia mishipa ya moyo. Kwa daraja ni ghali mno. Mwaka 1982 watafiti wa Japani walionyesha kwamba hata mchanganyiko wenye msingi wa chuma cha kawaida, ukiongezewa manganizi na silikoni, unaweza kukumbuka. Empa ilitengeneza wa kwake mwaka 2009: chuma, manganizi karibu asilimia 17, kromi 10, silikoni 5, nikeli 4, na chembe ndogo za vanadi na kaboni. Hiyo manganizi, tuseme kwa kupita tu, iko pia katika udongo wetu wa Kisenge, jimbo la Lualaba. Lakini kuwa na udongo si kuwa na kiwanda.

Kazi inaenda hivi. Kiwandani, fero inavutwa kwa nguvu mpaka inarefuka asilimia chache: ya mita 1 inaongezeka sentimita 2 hadi 4. Ndani yake, chembe za metali zinabadili mpangilio na kubaki hivyo. Fero ya kawaida ukiivuta namna hiyo imeharibika, basi. Hii imelala tu. Ukiipasha moto mpaka digrii 160 hivi, chembe zinataka kurudi kwenye mpangilio wao wa zamani, na fero inataka kujikunja kuwa fupi. Kama ncha zake ziko huru, inafupika kweli. Lakini kama ncha zimeshikiliwa ndani ya betoni, haina njia ya kufupika, kwa hiyo inavuta. Na inaendelea kuvuta hata ikipoa.

Inavuta kwa nguvu gani? Kipimo kinachorudi kwenye majaribio ni kati ya niutoni 300 na 400 kwa kila milimita ya mraba. Kwa lugha ya shantie: fero moja ya milimita 16, kwa kipimo cha chini, inavuta sawa na uzito wa tani 6. Weka kumi chini ya boriti moja, ni tani 60 zinazobana betoni na kujaribu kufunga nyufa. Hakuna jeki, hakuna bomba.

Wengine watauliza kama jua letu halitaiamsha mbele ya wakati. Hapana. Joto la Uvira mwezi wa tisa, hata juu ya betoni iliyochomwa na jua, liko mbali sana na digrii 160. Moto wenyewe unaletwa kwa umeme: waya mbili nene zinafungwa kwenye ncha za fero, umeme mwingi unapitishwa kwa dakika chache, fero inapata moto kama resisto ya jiko. Kwa yale mabamba membamba yanayopigiliwa juu ya betoni kwa misumari ya risasi, wanaweza kutumia pia taa za joto ao moto wa gazi. Moto ni wa muda mfupi, betoni haipati nafasi ya kuungua.

Kuna namna mbili tatu za kuifunga. Wanachonga mifereji katika betoni ya nje, wanalaza fero, wanaifunika kwa shoka la simenti kali, wanangoja likauke, kisha umeme. Ao wanaongeza tabaka jipya la betoni chini ya boriti, na fero ndani yake. Ama kwa nyufa za mshazari karibu na nguzo, ambazo ni za hatari kuliko zile za katikati kwa sababu zinaweza kuvunja boriti bila kuonya, wanatumia fero iliyokunjwa kama herufi U, inayokumbatia boriti kutoka chini.

Imeshafanya kazi wapi

Mtu asifikiri ni mambo ya maabara tu. Zaidi ya miaka 20 iliyopita, jimboni Michigan, Marekani, boriti za daraja moja kwenye barabara ya US-31 zilikuwa na nyufa za mshazari. Wahandisi walifunga mafero yenye kukumbuka, ya chuma na manganizi, yakivuka nyufa hizo, na kupitisha umeme wa ampere 1.000 mpaka yakafika digrii 300. Upana wa nyufa ulipungua karibu asilimia 40. Chuma cha wakati ule kilihitaji moto mwingi. Cha Empa kinatosheka na nusu yake, na njo faida yake kubwa.

Uswisi wenyewe walianza na majengo. Mwaka 2017, huko Villmergen, sakafu ya betoni ilitiwa nguvu kwa mabamba ya fero hiyo. Kule Ucheki, daraja ya chuma ya Petrov, yenye umri wa miaka 113, nayo ilifungiwa mabamba yenye kukumbuka, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Hiyo ya mwisho ituvutie, maana ilionyesha kwamba si betoni peke yake inayoweza kusaidiwa.

Majaribio yanayofundisha zaidi, kwa maoni yetu, ni yale Empa iliyofanya na vibamba vikubwa vya betoni vyenye mfano wa mbawa ya daraja, yaani ile sehemu ya pembeni inayotokea hewani na kubeba magari. Juu ya vibamba hivyo walimwaga tabaka la betoni kali sana yenye nyuzi za chuma. Ndani ya vingine waliweka fero ya kawaida, ndani ya vingine fero yenye kukumbuka. Vyote vilibeba mzigo mara mbili ao zaidi ya kibamba kisichotiwa nguvu. Soma vizuri: vyote. Fero ya kawaida nayo ilifika pale. Tofauti ilionekana mbele ya kuvunjika, chini ya mzigo wa kila siku. Chenye fero yenye kukumbuka kilipinda kidogo zaidi, na nyufa zilizokuwepo zilifungika.

Maana yake ni kwamba faida kubwa ya fero hii haiko kwenye siku ya mwisho ya daraja. Iko kwenye siku zote zinazotangulia: maji hayaingii, kutu inachelewa, boriti haichoki haraka. Muuzaji akija kukuambia kwamba fero hii inafanya daraja isianguke kamwe, mwulize anazungumza juu ya mzigo upi.

Dresden haingeokolewa nayo

Turudi kule Elbe. Wachunguzi walikuta kwamba waya za chuma zilizovutwa ndani ya betoni zilikuwa zimeanza kuharibika tangu wakati wa ujenzi, pale unyevu ulipozifikia mbele ya kufunikwa. Mipasuko midogo kama nywele ilikua ndani ya chuma kwa miaka zaidi ya 50. Waya moja ikakatika, kisha nyingine, ndani kabisa, pasipo jicho kuona. Nje, betoni ilionekana kama betoni nyingine. Baadaye ikabidi kubomoa hata sehemu zilizobaki zimesimama.

Ungeongeza fero yenye kukumbuka pale, ungesaidia kidogo kwa muda. Lakini hakuna aliyejua kwamba chuma cha ndani kimeisha. Fero hii haipimi, haichunguzi. Inafaa kwa daraja yenye betoni nzima, msingi mzuri, na udhaifu unaojulikana: imejengwa kwa makamio mepesi ya zamani, sasa inapitwa na mazito, boriti imepata nyufa. Kama betoni imeoza kwa kutu, kwanza inabidi kuitoa na kuibadilisha. Kama nguzo inazama, hata ujaze boriti mafero kumi na mbili, daraja inakwenda na nguzo yake.

Kuna mengine ya kujua. Fero hii bado ni ghali mara nyingi kuliko ya kawaida. Baada ya kuamshwa, inapoteza kidogo ya mvuto wake kwa muda, ingawa inaweza kupashwa moto tena ikaurudisha. Kromi yake inasaidia dhidi ya kutu, lakini haiwi kama masufuria yasiyoshika kutu, inabidi ifunikwe. Na grupu ya umeme ya kuiamsha si ile ya kuchajia simu.

Madaraja yetu yanakufa kwa nini?

Hapa majimboni mashariki, tukiwa wakweli, madaraja mengi hayafi kwa nyufa za boriti. Mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulipofurika mjini Uvira, maji yalibeba nyumba, watu na madaraja. Mwezi wa tano 2023, huko Kalehe, Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa na matope na mawe. Watu zaidi ya 400 walikufa, na barabara ikakatika. Katika misiba ya namna hiyo mto unachimba udongo chini ya nguzo, ao unaleta miti na mawe yanayoziba uwazi wa daraja mpaka maji yanaisukuma yote. Dawa ya hapo ni kuchimba msingi zaidi, kuongeza upana wa uwazi, kuweka mawe ya gabioni, na kule juu kwenye vilima, kuacha miti isimame. Fero ya Uswisi haina la kusema.

Kundi la pili ni madaraja ya vipande vya chuma, yale ya Bailey na ndugu zake. Yalivumbuliwa wakati wa vita kuu ya pili ili askari waweze kuyaunganisha kwa mikono, kipande kwa kipande. Kwetu yamekuwa ya kudumu. Kila shofere wa njia ndefu anajua ugonjwa wake: pini imepotea, bulani zimeibwa ao zimelegea, mbao za juu zimeoza, halafu inakuja kamio yenye simenti, vinywaji na abiria juu ya mzigo, yenye uzito mara mbili ya ule ulioandikwa kwenye kibao. Kama kibao bado kiko. Pale kinachotakiwa ni bulani, mbao, na mtu mwenye funguo ya kukaza anayepita kila mwezi. Bei yake hata haifanani na ya fero yenye kukumbuka.

Kundi la tatu ni dogo, lakini liko: madaraja ya betoni ya kweli, katika miji yetu na kwenye barabara za taifa, mengine ya wakati wa ukoloni, mengine ya miaka iliyofuata. Yamesimama juu ya mwamba ao misingi mizuri, betoni yake bado inalia vizuri ukiipiga nyundo, lakini hayakuhesabiwa kwa makamio ya leo. Kwa hayo, fero hii inaweza kuwa na maana siku moja. Tena ina faida moja inayotugusa sana: kazi inaweza kufanyika chini ya daraja bila kuifunga kwa miezi. Mji wenye kuingia kwa barabara moja tu, daraja ikifungwa wiki mbili, bei ya unga inapanda sokoni. Watu wa Uvira, Butembo na Bunia hawahitaji kuelezwa jambo hilo.

Lakini mbele ya kuinunua, kuna maswali ambayo hayana uhusiano na Uswisi. Michoro ya daraja iko wapi? Bila michoro, lazima kutafuta mafero ya ndani kwa chombo maalumu, boriti kwa boriti. Betoni ina nguvu gani leo? Kuna nyundo ndogo yenye springi, iliyovumbuliwa na Mswisi mwingine, Ernst Schmidt, ambayo unaigonga juu ya betoni na inakupa kipimo cha kuanzia. Si chombo cha bei ya kutisha. Na makamio yanayopita yana tani ngapi kweli? Injenieri asiyejua uzito hawezi kuhesabu fero, iwe ya kukumbuka ao ya kusahau.

Halafu kuna swali la mwenye daraja. Kwa sheria na desturi za nchi yetu, barabara za taifa ziko mikononi mwa Office des Routes, za mijini ni za OVD, na zile za kutolea mazao mashambani ziko chini ya OVDA, iliyoitwa zamani DVDA. Pesa za matengenezo zinapaswa kutoka FONER, mfuko uliowekwa mwaka 2008, unaokula kwenye mafuta ya magari na kwenye peaji. Juu ya karatasi, kila daraja ina baba yake. Njiani, mara nyingi ni wanakijiji wenye salongo, ao shirika la msaada, ao jeshi, wanaookota vipande. Na pale vita vimebadilisha wenye kushika barabara, hata hiyo karatasi haisomeki tena. Pesa ya kizuizi inalipwa kila siku. Daraja yenyewe haipati hata bulani.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Mtu akileta leo mradi wa kununua fero yenye kukumbuka kwa ajili ya madaraja ya mashariki, mbele ya kuwa na orodha ya madaraja hayo na hali yao, tuupinge. Lakini vyuo vyetu vya ujenzi visingoje. Mwanafunzi wa leo njo atakuwa injenieri wa mwaka 2045, na kufikia hapo bei inaweza kuwa imeshuka. Kuvuta fero, kuifunga ndani ya simenti na kupitisha umeme si jambo linaloshinda fundi wa sudire wa Goma ao wa Kalemie. Kinachoshinda ni hesabu ya mbele yake na uchunguzi wa nyuma yake.

Uchunguzi huo, sehemu yake ya kwanza haigharimu kitu. Ukiona ufa kwenye boriti ao kwenye nguzo ya daraja ya kwenu, fundi anaweza kuukausha na kuupaka bonge dogo la plasta linalovuka pande zote mbili, jembamba, na kuandika tarehe juu yake. Mafundi wa zamani wanaliita shahidi. Plasta haina mnyumbuko: ufa ukisogea hata kidogo, shahidi anapasuka. Akibaki mzima mwaka mzima, mvua na kiangazi, ufa umelala. Akipasuka ndani ya wiki mbili, pigeni picha yenye tarehe, mpelekeeni injenieri wa Office des Routes ao wa jimbo, na makamio mazito yapunguze mzigo kwanza, kabla ya kungoja jibu lake.